Mtafsiri wa filamu wa Rugu aliyeambiwa na mtandao kuwa sauti yake si yake

Saa nane mchana, siku ya gulio, Melkiory Lameck amesimama mlangoni mwa kibanda cha video pale Rugu, wilayani Karagwe, mkononi ana kapu la kuchumia kahawa. Kila anayeingia anaweka simu yake humo. Hakuna cha mkubwa wala mdogo. Mama mmoja aliyetoka kuuza maharage anajitetea kwamba yake ni ya vitufe tu, haina hata kamera. Melkiory anamwamkia kwa heshima zote, anaipokea kwa mikono miwili, anaigeuza huku na huku, halafu anaitumbukiza kapuni.

"Najua haina kamera, mama," anamwambia. "Lakini inasikia."

Mwandishi wa makala haya naye hakuonewa huruma. Simu ilikwenda kapuni, kinasa sauti kikaifuata, na mengi yanayosomwa hapa yaliandikwa kwa kalamu, juu ya goti, ndani ya banda lenye giza, huku jirani akichungulia kinachoandikwa. Jirani huyo hakuwa na ubaya. Katika banda hili siku hizi kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Kapu likishafunikwa kitenge, Melkiory anakwenda mbele, anaketi kwenye kigoda kando ya runinga, anapunguza sauti ya filamu mpaka inabaki mnong'ono, kisha anavuta kipaza sauti. Kwenye kioo wapo mashujaa wa Kichina wa enzi za mapanga. Kwa wateja wake hao si Wachina. Yule kijana mwenye upanga ni mkulima wa Kituntu aliyedhulumiwa kibanja cha baba yake, shamba lao la migomba na kahawa. Yule mwenye ndevu nyembamba ni mnunuzi wa butura, yaani mtu anayenunua kahawa ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa anajua mwenye shamba ana shida isiyosubiri mavuno. Butura imepigwa marufuku, lakini hakuna mtu ndani ya banda anayehitaji kuelezwa ni kitu gani.

"Sijui Kichina hata cha kuombea maji," anasema Melkiory bila aibu yoyote. "Naangalia uso. Mwenye njaa ni mwenye njaa popote, na anayetaka kukudhulumu utamjua kwa anavyokuchekea."

Kabla ya upanga wa kwanza kuchomolewa, anasalimia. Hili halirukwi. Anawataja waliomo kwa majina, anawakaribisha waliotoka mbali, na kama kuna nyumba yenye msiba, anaitaja nyumba hiyo na kutoa pole kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe, na kwa Kiswahili. Watu wa hapa hawaelewi mtu anawezaje kuanza kuchekesha wakati jirani amezika, kabla hajampa pole. Mwenye msiba akiingia katikati ya filamu, Melkiory anasimamisha picha, panga zinabaki hewani, anatoa pole, halafu wanaendelea kuuana.

Melkiory ana umri wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Igurwa, hapo hapo Karagwe, mtoto wa familia ya Kilutheri inayoishi kwa ndizi na kahawa. Shule aliishia darasa la saba. Kazi ya kutafsiri aliianza mapema kuliko hapo, kwenye benchi la kanisa, akimnong'oneza mama yake kwa Kinyambo maneno ya wahubiri wageni waliohubiri kwa Kiswahili. Mahubiri yakiwa marefu aliyafupisha. Yakiwa makavu aliyatia chumvi kidogo, na mama yake alirudi nyumbani akiwasifu wahubiri ambao majirani waliwalalia usingizi.

Banda ni la Abdulghani Anwar, mfanyabiashara mwenye duka la sukari, misumari na betri lililo mbele yake. Babu yake Abdulghani alikuja kutoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akapenda hali ya hewa, hakurudi. Mjukuu anaongea Kinyambo kama aliyenyonya nacho, ila akikasirika lugha inarudi pwani. Yeye ndiye aliyemsikia Melkiory akiwachekesha wapasua mbao wenzake, akamwita, akamkabidhi kipaza sauti. Baadaye akamkabidhi na funguo za duka.

Kiingilio ni Sh500. Siku ya gulio Melkiory aliweza kupeleka nyumbani hata Sh25,000 baada ya kugawana na mwenye banda, na kwa fedha hiyo alimlipia mama yake matibabu ya nyonga iliyovunjika alipoteleza kibanjani. Tangu kapu lilipowekwa mlangoni, siku ikiwa nzuri anapata elfu sita. Wachuuzi hawawezi kukaa bila simu wakati wanunuzi wa kahawa wanapiga muda wowote, na wengine wanasema wazi kwamba hawajaja kupekuliwa, wamekuja kucheka.

Melkiory anajua yote hayo. Alipoulizwa kwa nini basi asiliondoe kapu, alitazama kwanza nyuma yake, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Kuna mtu humu alininasa. Nikiliondoa, atanimaliza."

Mambo yalianza mwezi Machi. Dereva mmoja anayepeleka mizigo Nkwenda, wilaya jirani ya Kyerwa, alimpigia kumpongeza. Alimwambia vijana wa huko wanamtazama kwenye simu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Melkiory akadhani anataniwa. Akanunua bando, akafungua mtandao ule mkubwa wa video ambao kila mtu anaujua, na hapo akakutana na sauti yake.

Filamu ilikuwa ile ile ya mapanga. Sauti ilikuwa yake, kwa Kinyambo na Kiswahili, ikichezwa juu ya picha zilizotafutwa na kupangwa upya na mtu mwingine. Jina la chaneli hakulijua. Picha ya mwenye chaneli ilikuwa ya kijana mwenye miwani ya jua ambaye hakuwahi kumwona. Waliokuwa wameitazama walikuwa maelfu kwa maelfu, na katika maoni yao walimsifu yule mwenye miwani kwa kipaji alichojaliwa na Mungu.

"Nilifurahi," anakiri. "Nisidanganye. Kwa muda kama wa kunywa chai, nilifurahi sana. Halafu nikaanza kutafuta jina langu katika maoni yale."

Akaona dawa ni moja tu: naye afungue chaneli yake, aweke kazi yake, watu wajue mwenyewe ni nani. Alijirekodi akitafsiri filamu ile ile, akaipandisha. Hata saa haikuisha, mtandao ukamzuia. Ujumbe ulisema kwamba alichoweka kinafanana na kazi ya mtu mwingine, na kwamba kama anapinga, aeleze haki yake na athibitishe umiliki wake. Aliusoma, akaupeleka kwa mwalimu mmoja ausome tena, maana hakuamini.

"Mashine iliniambia sauti yangu si yangu," anasema. "Nikauliza, sasa hii ninayoulizia ni ya nani?"

Pigo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Katika video ile, Melkiory alikuwa amemnogesha mnunuzi wa butura. Alimpa gari jeupe, tumbo lililotangulia na tabia ya kufuta jasho kwa kitambaa cha njano. Ndani ya banda ulikuwa utani wa siku moja, ukaishia hapo hapo. Kwenye mtandao utani hauishi. Watu wakaanza kumtafuta mwenye kitambaa cha njano, wakampata, au walidhani wamempata, na bwana huyo, mfanyabiashara wa kahawa mwenye jina lake, akalalamika kwamba amechafuliwa.

Melkiory akaitwa kwenye ofisi ambayo ameomba isitajwe. Aliulizwa alikuwa anamsema nani. Alijibu kwamba alikuwa anamsema Mchina. Waliokuwepo walicheka, anasema, lakini hawakucheka kwa muda mrefu. Alikumbushwa kwamba ipo sheria ya makosa ya mtandao, kwamba kutangaza mtandaoni kunataka kibali, na kwamba yeye hana. Akasema hakutangaza kitu, alikuwa anachekesha watu kwenye banda la mabati. Wakamwambia vizuri, basi arudi mavuno yakiisha akiwa na jina la mtu aliyerusha video hiyo. Asiporudi na jina, itaeleweka ni yeye, na kipaza sauti akisahau.

Alitoka pale akiwa na kazi moja tu kichwani, kumpata mtu wake.

Kwanza alikwenda Kayanga kwa wakili. Alidhani atakuta mtu wa kumwonea uchungu. Wakili Kahigi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja ambalo hakuwa amelitegemea.

"Filamu yenyewe ni ya nani?"

Melkiory akasema ni ya Wachina.

"Walikupa ruhusa ya kuitafsiri?"

Akasema Wachina hawajui hata kama Rugu ipo.

Kahigi, alipozungumza na gazeti hili, alisema alimweleza mteja wake ukweli bila kuupaka asali. Kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi, na anayetaka kuifanya sharti aombe. Huenda sauti na ubunifu wa Melkiory vina haki zake, na ipo hoja ya kujengwa hapo, lakini vimejengwa juu ya kiwanja ambacho si chake. Akifungua mdomo kudai, karatasi ya kwanza atakayoombwa ni ile asiyokuwa nayo.

"Nilimwambia, Bwana Melkiory, unaweza kushinda," alisema Kahigi. "Ila siku utakaposhinda, utakuwa umeshajishtaki mwenyewe."

Melkiory anasema hakulala vizuri baada ya safari hiyo. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiona mwizi. Flashi zilikuja na watu kutoka mjini, filamu zilikuwa ndani, yeye akaweka maneno. Nani aibiwe hapo? Lakini kumwelewa wakili hakukumpunguzia hasira juu ya yule aliyemwibia yeye. Kulimwongezea. Sasa alijua kwamba mtu huyo hawezi kushtakiwa, na pengine alilijua hilo tangu mwanzo.

Akarudi kwenye video. Aliisikiliza mpaka bando likaisha, akanunua lingine, akaisikiliza tena. Na pale mwanzoni kabisa, kabla ya panga, akajisikia akitoa pole kwa nyumba ya Nyirabahire wa Igurwa, aliyekuwa amefiwa na mumewe. Aliyeiba hakujua Kinyambo, au hakujali. Aliiacha ile pole kama ilivyo.

Melkiory akakaa chini. Siku ile aliikumbuka vizuri. Karibu watu wote walikuwa Igurwa msibani. Banda lilikuwa na watu wachache mno, nao wote walikaa nyuma, karibu na mlango wenye upepo. Kando ya spika, ambapo sauti ingenaswa safi namna ile, palikuwa na soketi moja ya umeme, na kwenye soketi hiyo, kama kila siku, palikuwa na simu inayochajiwa. Simu ilikuwa ya Abdulghani.

Zaidi ya hapo, Abdulghani ndiye anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi pale dukani. Ana kompyuta. Ana waya za kila aina. Ana mpwa mjini Bukoba anayevaa miwani ya jua.

Mtu mwingine angekwenda kumuuliza. Melkiory hakuuliza. Alianza kwa kukataa chai, ile ya tangawizi waliyokunywa pamoja kila asubuhi kwenye benchi la duka. Kisha salamu zikawa fupi. Kisha siku moja ya gulio, mbele ya wateja, akaja na kapu, na mtu wa kwanza aliyemnyooshea lile kapu alikuwa mwenye banda.

"Nikaiweka," anasema Abdulghani, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, akipanga pakiti za chumvi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Nifanye nini? Nibishane mlangoni kwangu? Mtu nimempa funguo za duka langu, leo anaipokea simu yangu kama askari wa forodha. Nikasema alhamdulillahi, nimeishi nikayaona."

Melkiory hakuishia kwenye kapu. Alitega. Kila siku alimpa mnunuzi wa butura kitambaa cha rangi nyingine, leo cha kijani, kesho cha madoa, ili siku video mpya itakapotokea ajue imenaswa lini na nani alikuwepo. Alingoja. Hakuna video mpya iliyotokea. Mtu mwenye moyo mweupe angeona hiyo ni habari njema. Yeye aliona ushahidi.

"Nikasema, si unaona? Amejua kwamba najua," anakumbuka, na sasa anajicheka kidogo.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa mwezi Juni, mwandishi alipofika Rugu mara ya kwanza, na wanaume hao wawili walifanya kazi chini ya paa moja wakizungumza kwa kupitia wateja. Abdulghani alimwambia mteja amwambie Melkiory kwamba jenereta ina mafuta. Melkiory alimwambia mteja yule yule amwambie mzee kwamba amesikia.

Ukweli ulipatikana Julai, na haukupatikana kwa mtego wowote.

Jumapili moja baada ya ibada, Melkiory alikwenda Igurwa kumwona mama yake, Ainembabazi. Alipita katikati ya migomba, njia ya nyuma, kwa sababu mbele palikuwa na tope. Alipokaribia nyumba, akasikia mtu akitoa pole kwa nyumba ya Nyirabahire. Akasimama. Sauti ilikuwa yake, ikitoka dirishani, na nyuma yake kikafuata kicheko cha mama yake.

Ndani alimkuta mama amelala chali, mto umeinua mguu mbaya, simu imewekwa juu ya kifua. Dada yake, Restuta, alikuwa chini anamenya ndizi. Restuta ndiye anayemuuguza mama yao tangu alipoanguka, na siku ile ya msiba alikuwa ameponyoka kwa muda mfupi, akapita bandani. Melkiory hakumwona akiingia. Alikuwa bado anapunguza sauti ya filamu kabla ya salamu, macho yake yako kwenye kioo, na banda lilikuwa giza. Restuta aliketi chini ya spika, akanasa, akaondoka kabla taa hazijawashwa.

Alijitetea kwa maneno machache. Mama alikuwa akilia kwamba tangu aanguke hamsikii tena mtoto wake akizungumza na watu. Kibandani hawezi kufika. Redio haisemi Kinyambo.

"Nikasema nimchukulie kidogo," anasema Restuta. "Alipoisikia alicheka mpaka nikaogopa nyonga. Sasa hicho ningekiona ni kosa vipi?"

Melkiory akamuuliza aliyempa mwingine ni nani. Restuta akasema hakumpa mtu. Aliweka tu kwenye kundi la familia la WhatsApp, ili walioko mbali nao wafurahi. Kundi hilo lina watoto, wajukuu, wakwe na marafiki wa wakwe, walioko Mwanza, Kahama, Dar es Salaam na ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja wao alicheka, na kila aliyecheka alimtumia mtu. Nani alimtumia kijana wa miwani, au rafiki wa rafiki wa kijana huyo, hakuna atakayejua. Mpwa wa Bukoba hakuhusika kwa lolote. Siku hizo hata simu hakuwa nayo, alikuwa ameibiwa.

"Mtu wangu nilimpata," anasema Melkiory. "Alikuwa anamenya ndizi za chakula changu."

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Mavuno yalikuwa yanakwisha, na ofisi ile ilikuwa inasubiri jina. Sasa jina alikuwa nalo. Akilitaja la Restuta, yeye atatoka safi na kipaza sauti chake kitabaki mkononi, na dada yake ataitwa akaeleze kuhusu gari jeupe na kitambaa cha njano, vitu asivyovijua. Mama yao atabaki na nani? Na je, wakimuuliza Restuta alimpa nani, hatawataja ndugu wengine, na hao wengine, mpaka ukoo mzima ujipange foleni?

Restuta mwenyewe alimwambia ataje. Alisema yeye si mtoto, alichokifanya alikifanya. Waligombana siku nzima, na mama yao, ambaye hakuna aliyemweleza vizuri, alitaka tu arudishiwe simu yake.

Melkiory alikwenda ofisini siku iliyofuata, akiwa amevaa shati la kanisani. Alisema sauti ni yake, maneno ni yake, na kama lazima jina liandikwe, liandikwe lake. Walimtazama, anasema, kwa namna inayoonyesha kwamba hawakumwamini, na yeye hakuwalaumu, maana kwa miezi ile hata yeye hakuwa amemwamini mtu.

Akapewa onyo. Mfanyabiashara wa kahawa, baada ya Melkiory kumfuata na kumwomba radhi kwa ajili ya kile kitambaa, akaliacha jambo liishe. Lakini kutafsiri filamu kulikoma siku hiyo hiyo. Aliambiwa arudi kwenye kipaza sauti siku atakapokuwa na ruhusa ya wenye filamu na vibali vyote vinavyotakiwa. Yeye na Wakili Kahigi wamejaribu kutafuta anwani ya kampuni iliyotengeneza ile filamu ya mapanga. Hadi sasa hawajapata hata jina lake kwa herufi wanazoweza kuzisoma.

Kwa Abdulghani alikwenda na jogoo na mkungu wa ndizi. Kwa jirani mwingine angebeba na rubisi, lakini kwa Mwislamu pombe ya ndizi si njia ya kuomba msamaha. Aliketi kwenye benchi lile la duka, akaeleza yote, bila kujipunguzia. Abdulghani alisikiliza, akamchinja jogoo, wakala pamoja. Chai ya tangawizi imerudi.

Mwandishi aliporudi Rugu mwezi Septemba, kapu halikuwepo mlangoni. Banda linaonyesha mpira tu. Abdulghani aliulizwa kama kweli amesamehe, akaapa kwamba amesamehe kwa moyo wake wote.

"Lakini akija dukani simu yangu naiacha nyumbani," akaongeza. "Sitaki aione. Ataitazama, na mimi nitamtazama anavyoitazama."

Jina la Restuta limeandikwa hapa kwa ombi lake mwenyewe. Alisema amechoka kumwona kaka yake akipigiwa miluzi njiani kwa kosa la mtu mwingine, na kwamba anayetaka kumhoji anajua njia ya Igurwa.

Video ile bado ipo. Walioitazama wameongezeka. Melkiory haitazami tena. Siku hizi amerudi kupasua mbao kwa siku tatu au nne za wiki, na siku zinazobaki yuko kwa mama yake, ambako ndiko mpango wake mpya ulipo.

Anataka chaneli isiyoweza kuulizwa swali na wakili. Mama yake anazijua hadithi za Kinyambo ambazo alizipata kwa bibi yake, nyingine ndefu, nyingine za kutisha, nyingine za aibu. Yeye asimulie, Melkiory atafsiri kwa Kiswahili, pasiwe na Mchina wala mnunuzi wa butura. Vibali ameshaanza kuviulizia. Aliomba simu nzuri kwa mkwe wake wa Kahama, akaipata, akatengeneza kistendi cha mti, akaenda kuisimamisha mbele ya kitanda cha mama bila kusema mengi, maana aliona hilo ni jambo la nyumbani.

Mama akauliza kile ni nini. Akaambiwa. Akauliza akisimulia, itakwenda wapi. Melkiory akasema kwa watu. Mama akauliza watu gani, na mtoto akasema wote.

"Na nikitaka irudi?"

Melkiory anasema alifikiria kumdanganya, kama alivyowafupisha wale wahubiri, akashindwa.

"Basi hujaniomba," mama akasema. "Umeniletea mti na simu."

Ndipo mwanaume huyo wa miaka arobaini na mmoja alipochuchumaa kando ya kitanda, kwa namna mtoto anavyoomba kitu kwa mzazi katika nyumba za huku, akaomba. Alieleza kwamba ikishatoka haitarudi. Alieleza kwamba watakuwepo wa kuiiba, na wa kuicheka, na wa kusema ni yao. Mama alisikiliza, akamwambia aende, amwache afikiri, arudi Jumapili.

"Nitarudi," anasema Melkiory, akiwa ameketi nje kwenye kizingiti, mgongo wake ukiwa ukutani. "Akikataa, nitaomba na Jumapili nyingine. Zile filamu sikumwomba mtu hata mmoja, na leo sina hata moja. Hii nataka niwe nayo kweli."

Kutoka ndani, Ainembabazi akasema kitu kwa Kinyambo. Restuta alicheka. Melkiory akainamisha kichwa kwanza, kisha akatafsiri, safari hii bila kufupisha wala kutia chumvi: mama anauliza, huyu mgeni anayeandika tangu asubuhi mambo ya nyumba hii, yeye alimwomba nani?

Mwandishi aliingia ndani, akaamkia, akachuchumaa pale pale, akaomba. Alieleza gazeti ni nini, linafika wapi, na kwamba likishachapwa halirudi. Melkiory alitafsiri kila neno, na bibi alimtazama mwandishi usoni muda wote wa tafsiri, kama anayelinganisha.

Alifikiri. Restuta alimaliza kumenya ndizi, akaosha mikono. Mwishowe Ainembabazi akatoa ruhusa: kaandike yote uliyoyasikia, alisema, na jina langu uliandike lote. Hadithi tu ndiyo usiiguse. Hiyo mwanangu hajapewa bado.